Kisanduku cha Somoe

Umeme ulikatika slaidi ya tatu.
Wanafunzi mia mbili, feni kimya,
nami mkobani nina kilo ya korosho ghafi
niliyoinunua Mikindani kwa shughuli nyingine kabisa.

Nikaimwaga mezani.
"Mstari wa mbele, konzi moja kila mtu.
Hesabuni zenye madoa."

Somoe, wa kiti cha nyuma,
tangu Novemba hajafungua kinywa, akasimama:
"Mwalimu, gunia la baba lilishushwa daraja
kwa konzi moja tu.
Ilitosha?"

Hapo ndipo sampuli ikaeleweka. Hata kwangu.

Fomu ya kupandishwa cheo
ina kisanduku cha machapisho,
cha vikao, cha ruzuku.
Somoe nimwandike wapi?

Mkuu wa idara kachungulia,
kaona korosho sakafuni.
Akaulizia ufagio.