Kaya Na. 7

Mwalimu Semkiwa alitugawia kijiji kama mtu anayegawa karanga:
Hatibu achukue korona na maji yake machafu,
Tunu apime joto la udongo, asubuhi na alasiri,
mimi nikabakiziwa majiko.
Kaya ishirini, Ngomeni, wilaya ya Muheza.
"Majina msiandike," alisema. "Andikeni namba.
Utafiti hauna shangazi."

Kaya ya saba naijua hata nikifumba macho:
kizingiti kimeliwa na mchwa upande wa kushoto,
na ndani, Bibi yangu Mwanamvua
anapuliza kuni za mchungwa
uliokauka mwaka ule vuli ilipokataa kuja.

Nikaweka kifaa juu ya kinu.
Kilianza kijani, kikaruka manjano,
kikawa chekundu maji ya chai hayajatoa hata povu.
"Hicho kisaa chako kinasemaje?"
"Kinasema tutoke nje."
Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi,
na kikohozi nikakihesabu, maana nimefundishwa kuhesabu:
kumi na nne.

Swali la tisa katika dodoso:
*Je, huchoma shamba kabla ya kupanda?*
"Andika hapana."
"Bibi, majivu bado yamo kwenye pindo la kanga yako."
"Basi andika ndiyo, kisha uandike na sababu.
Andika jembe lina mpini mmoja
na mimi nina mgongo mmoja.
Andika vibarua wanataka fedha taslimu,
kiberiti kinataka upepo tu."
Kwenye fomu, nafasi ya sababu
ilikuwa na upana wa kidole gumba.

Hatibu naye, kule korona, alinuka wiki tatu.
Jani la mkonge likipita kwenye meno ya mashine,
katika kilo mia, kilo nne ndizo uzi.
Zilizobaki ni uji wa kijani
unaofuata mfereji, unalala bondeni, unachacha,
unapanda hewani bila kumwaga mtu.
Akaujaza kwenye pipa, akatia na samadi ya ng'ombe,
akaziba kwa mpira wa baiskeli na maneno mengi.
Siku ya kumi na tisa alitupigia kelele tukimbie:
moto wa buluu, mdogo
kama ulimi wa paka.

Tulimleta Bibi. Akachemsha chai, akainusa.
"Haina moshi. Ndiyo maana haina ladha."
Kisha akaomba kikombe cha pili.

Usiku ule niliandika ripoti kwa mwanga wa simu.
Baba yake Bibi aliletwa hapa kwa mkataba, manamba,
akitokea Kigoma, kibati shingoni.
Sauti yake Bibi ameisahau.
Namba anaikumbuka: 3118.
Namba ndiyo iliyopewa mgao wa unga,
jina halikupewa kitu.
Na mimi, kitukuu, kwa kalamu niliyopewa na chuo,
nimempa binti yake namba nyingine,
fupi zaidi.
Pembeni nikaandika kwa penseli: *Mwanamvua*.
Nikafuta. Alama ya penseli ilibaki,
ukiinamisha karatasi unaiona.

Ukumbini, Tanga mjini, feni tatu na maji ya chupa.
Tunu alieleza udongo wake vizuri, akapigiwa makofi.
Hatibu akaahidi kijiji kizima kingepika kwa takataka za mkonge
kama mwenye shamba angekubali kuzitoa bure;
watu wakaguna pale kwenye "bure".
Kisha chati yangu ikapanda ukutani:
nguzo ishirini, na ya saba
ikizipita zote kama mnazi kwenye shamba la mihogo.

Bwana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.
"Hii kaya ya saba, imekosea wapi?"
Nikasema: mpini mmoja, mgongo mmoja.
Mwenyekiti akanisihi nijibu kwa takwimu.

Nikasogeza kipaza sauti
nikakohoa mara kumi na nne.