Tarakimu Nne

Diski nane zinapepesa kijani kama kawaida.
Ndilo lililoniudhi zaidi, ile afya yao.
Feni zinavuma, betri ya kadi imejaa,
na mfumo mpya, niliousimika usiku wa Alhamisi
kwa mkono wangu huu,
unaniandikia: hakuna diski.

Hakuna?
Nimekalia ndoo iliyopinduliwa
chini ya hospitali ya Kuressaare, Februari,
maji yameganda hadi kwenye gati,
fundi wa karibu yuko Tallinn, na feri yenyewe haijui itavuka lini.
Hakuna, na mimi nazisikia zikizunguka.

Miaka kumi na saba ya picha za mifupa imo humo.
Haikulazwa nzima nzima. Imekatwa vipande,
kila diski ikapewa chake, na kwa zamu
kila moja imebeba hesabu ya kumfidia mwenzake atakayekufa.
Kadi pekee ndiyo ijuayo mpangilio.
Kadi nayo haisemi na mfumo ila kwa dereva,
na dereva yupo, injini inanguruma,
ila kaagizwa asimpakie huyu.

Nimesoma sababu. Si chuki.
Mtu fulani alikuwa akifagia kiini cha mfumo,
akaikuta kadi yangu orodhani, akauliza: bado yupo anayeitumia?
Akangoja wiki sita. Kimya.
Akafuta.
Wiki hizo sita mimi nilikuwa nikibadilisha wino wa printa.

Kurudi kwenye mfumo wa zamani? Nilijaribu.
Mashine mpya ya eksirei ikakataa kuongea nao.

Saa nane usiku nikampigia Vello Kangur,
aliyemwandika dereva yule enzi zile ana nywele.
Sasa anafuga nyuki huko Põlva.
Nilitarajia matusi. Akauliza tu:
"Nyuma ya kadi, chini ya kibandiko, pana tarakimu nne. Nisomee."
Nikapiga magoti, tochi mdomoni,
nikaitema tochi, nikasoma.
"Ahaa," akasema, "huyu,"
kama mtu aliyetajiwa jirani wa utotoni.

Ulikuwa mstari mmoja.
Nikaurudisha, nikaunda upya, nikanywa kahawa iliyolala.
Saa kumi na moja kasoro diski zikajitokeza
kama ambao hawakwenda popote,
na kweli hawakwenda.
Picha ya kwanza kufunguka: nyonga ya Leida Õunpuu,
chuma ndani yake cheupe kuliko mfupa.
Sikulia. Nilihesabu skrubu.
Sita. Zote zipo.

Nikawaandikia wale wafagiaji, bila ukali:
Kadi yenye tarakimu hizi, kisiwani Saaremaa,
moja,
inatumika.
Mimi ni Maarika. Siku nyingine mkiuliza,
ulizeni kwa sauti.
Huku chini feni zina kelele.