Sekunde Arobaini na Moja

Tulitoka Newala mjini saa nne, gari jeupe,
antena tatu kichwani, kompyuta mapajani,
na lami yote ilitupa namba nzuri:
kumi na nane, ishirini, ishirini na mbili.
Dereva Mkwanda akasema, "Huku wanafaidi."
Nikaandika hivyo hivyo, kwa lugha ya ofisini.

Mkunya tukateremka kununua ming'oko.
Muuzaji alikuwa na simu, ila si mkononi;
ilining'inia dirishani mwa jiko
ndani ya mfuko wa sukari, kwa uzi wa gunia la korosho.
"Hapo ndipo inaposhika," alisema Somoe Nantanga.
"Ishushe kidogo, imekufa.
Isogeze kule ukingoni, inakamata ya Msumbiji,
inanikaribisha kwa Kireno nami niko kwangu."

Nikachungulia: mistari minne, imejaa.
Mama, mbona mtandao upo?
"Upo. Hata maji yapo, kule chini bondeni.
Iulize ndoo yangu."

Basi mashine nikaiacha garini, nikatazama saa ya mkononi.
Katibu wa chama alikuwa amerusha sauti, bei ya mnada,
maneno ya sekunde tisa.
Somoe akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka
kama kuku aliyefungwa mguu kigingini.

Kumi.
Fomu yangu ina safu ya kasi ya kushusha,
safu ya kasi ya kupandisha, safu ya kwenda na kurudi.
Haina safu ya dirisha.

Ishirini. Moshi ukatuingia machoni.
Sisi hupima saa nane za usiku, njia ikiwa tupu,
kisha tunamwambia mwenye mzigo wa saa mbili
kwamba barabara haina foleni.

Thelathini. Akachochea kuni.
Mkuu wangu, najua, atanipigia:
"Hiyo ya jikoni iondoe, inatuharibia wastani."
Wastani! Mmoja kala kuku, wa pili kala harufu;
kwenye ripoti wote wawili wamekula nusu kuku.

Arobaini.
Arobaini na moja, na katibu akakohoa ndani ya mfuko wa sukari:
"Ndugu wakulima, bei ya juu kwa leo
ni shilingi elfu mbili, mia..."

Kiduara.

"Mia ngapi?" Aliniuliza mimi,
mimi mwenye antena tatu.
Jirani ng'ambo ya ua alikwisha piga kigelegele,
au alikuwa akifukuza mbuzi, sikuweza kujua.

Ndipo simu ikalia. Ujumbe mfupi:
Ndugu mteja, bando lako limekwisha.
Na huo nao niliupima.
Haukumaliza hata sekunde moja.