Matabishi

Bosi Mugaruka alinituma Kadutu
na kalamu, na daftari la bei:
"Cibalonza, nenda uone wanatushindaje."

Niliona. Mchele unapimwa kwa kopo la gigozi,
kopo linajaa, linafanya kilima,
halafu mkono unarudi guniani
unaleta konzi moja juu ya kilima.
Hiyo niiandike wapi?

Kwetu Nyawera mlango wa kioo unafunguka wenyewe,
hata kwa upepo wa ziwa.
Jenereta inakunywa mazutu tangu asubuhi
ili jibini isiyo na mnunuzi ilale kwenye baridi.
Tulibandika karatasi nyekundu: punguzo, punguzo,
mfuko wa kilo tano.
Nani huku Bukavu ana pesa za kilo tano?
Watu wana pesa za leo.

Jana bosi naye akaweka kopo kwenye kaunta.
Mteja wa kwanza, mama muuza sambaza,
akapimiwa, akalipa, akasimama.
Nyuma yake mstari ukarefuka.
"Na matabishi yangu?"

Nikaitazama mashini.
Ina kitufe cha kufuta, kitufe cha kodi,
kitufe cha kurudisha.

Bosi alikuwa kwenye simu. Nikachota konzi.
Kisha konzi ya aliyefuata, na wa nyuma yake.

Jioni mchele ulipunguka kilo moja na robo.
Nikalipa kutoka mfukoni, bila neno,
nikapanda hadi Kadutu na pesa zilizobaki.
Mama yuleyule akanihesabia sambaza,
akafunga, akafungua tena,
akaniongezea watatu.