Zamu ya Nani

Umeme ukikatika hapa Kutaisi
huondoka bila kuaga, kama mdeni.
Lifti hunasa kati ya ghorofa ya nne na ya tano,
imeshaimeza sarafu ya mtu.
Ndiyo maana nilianza kukunja vitu.

Kukunja si kazi ngumu ukiizoea.
Unakikamata kitu kingali hai ndani ya simu,
viungo vyake vimeshikana, hiki chaelekeza kile,
unakilaza, unakinyoosha kiwe uzi mmoja:
mabano, jina, nukta mbili, thamani, mkato,
mabano.
Uzi unalala kwenye faili.
Kesho unaushika ncha, unakunjua,
na kitu kinaketi kitako, kinauliza: tuliishia wapi?

Hivyo ndivyo nilivyowatengenezea Tsiuri na Lamara
sataranji yao ya simu.
Miaka thelathini na mmoja walikaa kituo cha reli
wakigonga habari za treni kwa nukta na vistari;
hawakushangaa niliposema dunia nzima
yaweza kupita kwenye waya, herufi kwa herufi.
"Leo ndiyo umejua?" Tsiuri akauliza,
akaniongezea jemu ya jozi mbichi.

Jumanne umeme ukaenda, na simu ikazimika,
betri yake imechoka kitambo.
Jumatano nikaifungua faili mbele yao.
Wote walirudi: shaha wa Tsiuri kajibanza pembeni,
farasi wa Lamara ananyemelea,
askari wawili waliokufa, wafu vilevile.
Nikajipongeza kimoyomoyo.

Kisha kimya.
"Haya, cheza," akasema Lamara.
"Cheza wewe. Mimi nimeshacheza."
"Umecheza nini? Aliyecheza ni mimi!"

Nikausoma uzi wote, mabano hadi mabano.
Rangi ipo. Mahali papo. Saa ipo, hadi sekunde.
Zamu haipo.
Sikuiandika. Ilikuwa inajulikana,
na kijulikanacho na wote
ndicho cha kwanza kusahauliwa nje.

Lamara aliacha kubisha, akaitazama meza.
"Huyu," akamwonyesha mwenzake kwa kidevu,
"akishacheza hunywa chai. Tangu enzi za waya.
Jana tuliacha kila kitu gizani.
Gilasi yake hiyo. Imejaa, ina utando."
Tsiuri akaitazama chai iliyolala,
akacheka mpaka kijiko kikalia,
akasogeza ngome.

Usiku nikaongeza sehemu moja, toleo la pili:
zamu.
Na kwa faili za zamani zisizoijua
nikaandika: kama haipo, waulize.
(Nilijaribu pia kuandika chai. Nikafuta.)

Sasa programu hukunja na kukunjua bila kasoro.
Ila Tsiuri, kila umeme unaporudi,
kabla hajagusa simu
huchungulia gilasi.