Doa Chini ya Sahani

Tarehe ishirini na mbili, mvua imepumzika kidogo,
Loleza bado amejitanda wingu mpaka kidevuni.
Nina elfu kumi na moja kwenye fundo la kitenge
na orodha niliyoandika nyuma ya risiti ya luku:
kitambaa, sahani, kitu cha kung'aa.
Hicho cha tatu sikukifafanua.
Nilijua nitakijua nikikiona.

Mwanjelwa, Tweve amefungua robota asubuhi hii.
Amesimama juu ya benchi, sauti imemkauka:
jero, jero, chagua mwenyewe, usije ukamlaumu mtu!
Wanawake tumeinama kama tunaopalilia,
mikono imezama kwenye lundo hadi viwiko,
hakuna anayemtazama mwenzake
mpaka mwenzake ashike kitu.

Nikavuta pembe ya kijani.
Ikaja. Ikaja tena. Haikuisha:
pazia la nyumba yenye madirisha marefu kuliko mlango wangu,
linanuka kabati la watu, lililofungwa miaka.
Tweve akasema elfu tano. Nikacheka.
Nikamwonyesha doa, pana kama kiganja, rangi ya chai ya mkandaa.
Akasema, mama, hiyo ni ramani, inaongeza bei.
Tukaachana kwenye elfu mbili na mia tano,
kila mmoja akiamini amemzidi mwenzake akili.

Sahani niliziokota moja moja, kibanda hadi kibanda:
yenye kinu cha upepo, cha buluu;
yenye kanisa, na maandishi yasiyosomeka kwangu;
yenye jina la hoteli ambayo sitalala;
yenye jogoo asiye na mkia, umesuguliwa ukaisha;
na mbili pacha, zina ufa mahali pamoja
kama walioanguka siku moja wakishikana mikono.
Sita. Na sisi tuko saba.
Wa saba atakula kwenye kifuniko cha hotpoti,
na wa saba ni mimi.

Kitu cha kung'aa nilipewa nyongeza:
matone matatu ya kioo
yaliyodondoka kutoka taa ya dari ya nani sijui.

Nyumbani Tulinagwe akazipanga sakafuni, akanuna.
Mama, mbona hazifanani?
Nikamwuliza, wewe na Lugano mnafanana?

Usiku nikapiga pasi ya mkaa.
Kwenye pindo nikakuta uzi mweusi juu ya kijani,
mishono mirefu, imepinda, ya mtu mwenye haraka.
Nilishashika wembe nifumue, nishone upya.
Nikauweka chini.
Huyu naye alikuwa anasubiri wageni.

Krismasi. Meza ni mbili, moja imezidi nyingine kidole,
pazia limefunika ugomvi wao.
Maua meupe ya mferejini kwenye chupa ya jamu,
shingoni mwa chupa yale matone, yanachezacheza mwanga,
tawi la msindano kutoka uzio wa shule
(mlinzi alitazama pembeni),
na bakuli la mafyulisi, manyoya yake bado yana umande.
Doa liko chini ya kanisa. Hakuna ajuaye.

Saa saba akafika mama mkwe kutoka Tukuyu,
mwavuli, mkungu wa ndizi,
na ile tabia yake ya kuuliza bei kabla salamu haijapoa.
Akaizunguka meza taratibu.
Akagusa tone la kioo, likazunguka.
Halafu, kati ya sahani zote sita,
akainua ya kanisa, aipindue, aone muhuri wa chini.

Mimi nimeshika upawa. Mchuzi unadondoka kwenye kiatu changu.

Akalitazama doa. Akanitazama.
Akairudisha sahani,
akaisukuma kwa kidole kimoja, kidogo tu, kuelekea ukutani.
"Huku mkia wake ulikuwa unachungulia," akasema.

Kisha akauliza pazia ni shilingi ngapi.
Nikapunguza. Nikasema elfu moja na mia tano.
Akavuta kiti, akatikisa kichwa:
"Wamekupiga, mwanangu."