Nukta Mbili Chini ya Masizi

Heledd ameileta juu ya trela,
pikipiki iliyomzidi umri,
na kabla sijavua glavu ananiambia: "Imekatika yenyewe."
Hakuna stadi inayokatika yenyewe.
Kuna mkono, kuna spana ndefu,
kuna Jumapili mtu alipodhani nguvu ndiyo ufundi.

Caergybi, Februari. Malori ya halmashauri
yamemwaga chumvi barabarani usiku kucha
watu wasiteleze,
na chumvi, ikishamaliza wema wake,
hupanda kwenye ekzosi ikaanza kula.
Chuma ndani ya alumini: wapangaji wawili
wasiosalimiana miaka nenda miaka rudi,
hadi siku unapotaka mmoja ahame
ndipo unapogundua walioana zamani.

Stadi mbili zimetoka kwa adabu.
Ya tatu imelia kidogo, ikatoka.
Ya nne ndiyo hiyo, imekatikia chini ya uso wa hedi
kama jino lililobaki ufizini.

Jioni naipa oili, naiacha inywe.
Asubuhi naiongezea. Naigonga kwa nyundo ndogo,
si kuipiga, kuibishia hodi tu.
Nawasha tochi ya gesi, napasha alumini pembeni
mpaka tone la mate likiigusa linaruka,
kisha mshumaa,
ndiyo, mshumaa wa keki ya mjukuu wangu,
nta inayeyuka, inajipenyeza kwenye nyuzi
kule matusi yangu yasikofika.
Subira huvuta heri, wanasema.
Hapa subira haivuti kitu. Inashika tochi.

Nachomelea nati juu ya kisiki. Inang'oka peke yake.
Nachomelea ya pili. Nayo.
Nachukua keekee, nazamisha taratibu,
milimita nne, tano,
mara inapiga ukelele wa kioo na kuteleza.
Humo chini mna ncha ya keekee nyingine,
imevunjika, imezikwa,
na juu ya kaburi mtu akakaza stadi nene, fupi,
tena upogo, akaenda zake kunywa chai.

"Mharabu gani huyu," nasema kwa sauti,
"fundi wa giza, mla hela za watu!"
Nasugua masizi kwa brashi ya waya nione ukingo,
na kando ya tundu zinatokea
nukta mbili.

Zamani nilikuwa na mtindo:
kila stadi niliyotengeneza naipigia nukta mbili kwa panchi,
nikirudi nijue nilipita hapa.

Ilikuwa ya buluu wakati ule.
Ya Emrys, mpishi wa meli ya Ireland.
Aliitaka Ijumaa, nami nilidaiwa kodi.
Nikamwambia, "Imekaa sawa."
Akanilipa noti juu ya noti, akanishika mkono.

Nazima redio.
Siku mbili nachimba kwa kijiwe cha almasi
cha daktari wa meno, unga kwa unga,
pumzi nimeibana, mgongo umekuwa kulabu.
Kipande kinadondoka kiganjani, kidogo kama punje ya mtama.
Nafunga bamba lenye tundu la kuongoza,
natoboa wima,
tapu nusu mbele, robo nyuma, nusu mbele,
naingiza koili, stadi mpya, grisi ya shaba,
nati za shaba, nakaza kwa vidole kwanza.

Heledd amekuja na pesa kwenye bahasha.
Anasimama mlangoni, haingii.
"Nilitia bomba kwenye mkono wa spana," anasema,
"nikaning'inia."
"Najua."
Anaisoma risiti: koili, stadi nne, gasketi.
"Umesahau saa zako."
"Zilishalipwa."

Ananitazama, anangoja.
Mimi nainama, napiga stati,
naweka kiganja karibu na ungio la nne
nisikie kama kuna pumzi inayovuja.